Siku Niliyotembea na Mama Mkwe Chiang Mai

Jikoni kwetu Lakeville, Minnesota, kopo la sukari lina mahali pake: kushoto kwa birika, limegusana na ukuta. Mama mkwe wangu ni mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akimfokea mtu, lakini kopo hilo likihama anabadilika kabisa. "Nani ameshika sukari yangu?" Watoto walikuwa wanatoroka. Hata mimi nilikuwa natoroka, na nyumba ni yangu, na sukari nimeinunua mwenyewe. Nilimwambia mke wangu kwamba mama yake ni dikteta wa jikoni. Akacheka, akasema ni uzee tu, nizoee.

Haukuwa uzee tu. Mama alikuwa anapoteza macho, na nyumba yetu alikuwa ameikariri kama mtu anavyokariri sala: ngazi, vitasa, vikombe, sukari. Aliificha siri hiyo kwa sababu alikuwa amekuja Marekani kulea wajukuu, na alijua bibi asiyeona halei mtoto. Aliogopa kwamba tukijua tutamkatia tiketi ya kurudi. Mimi ni nesi katika nyumba ya wazee huko Savage, mji wa jirani. Kazi yangu kila siku ni kuwaangalia watu wa umri wake, na macho yao ni miongoni mwa vitu ninavyoviangalia. Huyu aliyekuwa nyumbani kwangu sikumwona. Ilibidi twende mpaka Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, nikae nimempa kisogo na bakuli la tambi mkononi, ndipo nikamwona.

Kwa nini kisogo? Ngoja nieleze, maana mke wa mchungaji wetu, Mmarekani mwenye moyo mzuri sana, mpaka leo hajaelewa.

Mimi ni Mbukusu, mke wangu ni Mkisii. Kwa mambo mengi makabila yetu hayana habari, moja na jingine, lakini kwa hili yanakubaliana kana kwamba yaliwahi kukaa kikao: mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawatazamani usoni. Mama alipotaka kuja kuishi nasi, wazee wa pande zote mbili waliitwa kwenye simu, kwa kuwa mama mkwe kulala chini ya paa la mkwewe si jambo dogo. Walijadili mpaka sikio langu likapata moto. Mwishowe mzee mmoja akauliza kama nyumba ina mlango mwingine. Nikamwambia ile sehemu ya chini, iliyozama nusu ardhini, ina mlango wake unaotokea uani. "Basi hiyo ni nyumba nyingine," akasema, na kikao kikafungwa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye chini na mlango wake, sisi juu. Alipopanda kupika, mimi nilihamia sebuleni. Tukiwa na neno la kuambiana, tulilipitisha kwa watoto.

"Mwambie baba yako chakula kiko tayari."

"Daddy, food is ready."

Nami nimesimama pale pale, nimesikia kila kitu. "Mwambie nyanya asante."

"He says thank you, Nyanya."

Wenyeji wa Minnesota walituona vituko. Jumapili moja mke wa mchungaji alinisukuma mgongoni mbele ya watu, akisema, "Go on, hug your mom!" Mama alikimbilia nyuma ya meza ya chai, nami nikakumbuka ghafla kwamba sijafunga mlango wa gari. Tulicheka baadaye, kila mtu upande wake. Lakini nataka ieleweke kwamba hatukuwa tumenuniana. Nilimpenda mama yule. Nikirudi kutoka zamu nilikuta chakula kimefunikwa kwa sahani, na uji wangu haujawahi kukosa ndimu kwa sababu aliwahi kunisikia nikimwambia mke wangu kwamba naupenda hivyo. Mapenzi yetu yalikuwa yanapita kwenye sufuria.

Chiang Mai tulikwenda kwa sababu ya shemeji yangu, kitinda mimba wa mama, anayefundisha Kiingereza kwenye shule moja huko. Alikuwa ameoa binti wa hapo na wamepata mtoto wa kike. Tangu picha ya kwanza ifike kwenye simu, mama hakutupa nafasi ya kupumua. Alitaka kwenda. Mke wangu alimsihi tungoje watoto wafunge shule, akakataa. Mwaka huu, alisema, tena mapema. Mimi nilinung'unika chini kwa chini kuhusu likizo yangu iliyokuwa na mipango mingine, lakini watoto wakabaki kwa rafiki zetu wa kanisani, tukapanda ndege. Sikujiuliza haraka ile ilikuwa ya nini.

Alipokabidhiwa mjukuu, mama alimwinua mpaka pua zikagusana. Akamnusa shingoni, akampapasa masikio, akampitisha kidole kwenye nyusi. Halafu akauliza, "Anafanana na nani?" Shemeji akajibu kwamba anafanana na mkewe. Baadaye akauliza tena, na kesho yake akauliza tena. Nikadhani anapenda tu kusikia watu wakibishana.

Siku ya mzunguko wetu, mke wangu aliamka tumbo limechafuka. Jioni iliyotangulia alikuwa amekula pilipili kwa ubishi, nilimwonya. Shemeji alikuwa kazini, mkewe anamlea mtoto. Na mama alikuwa ameshakaa kitini karibu na mlango, gauni la kanisani, viatu vya kufunga, miwani yake nyeusi aliyovaa hata nyumbani kwa madai kwamba theluji ya Minnesota ilimharibia macho, na kiondo chake, kile kikapu cha mkonge, magotini. Alikuwa ameahidiwa kuuona mji.

"Babe, please, mpeleke wewe," mke wangu alisema akiwa ameshikilia mlango wa choo. "Ata-feel vibaya sana."

"Mimi? Tukiwa wawili tu?"

"Si uko na miguu?"

"Na tukitaka kuongea?"

"Mtajua huko mbele," akasema, akajifungia.

Tulipanda moja ya yale magari mekundu ya huko, pikapu iliyofunikwa nyuma na kutiwa mabenchi. Mama akakaa nyuma, mimi nikakaa mbele na dereva. Tulipoanza kwenda, nikasikia sauti kutoka nyuma, kwenye kidirisha.

"Dereva, mwambie mkwe wangu nataka kuona ile nyumba ya dhahabu."

Ilikuwa kwa Kiswahili. Dereva alitabasamu kwenye kioo. "Okay, okay, Mama!"

"Mwambie mama ndiko tunakokwenda," nikamwambia dereva, naye akaniambia okay mimi pia. Nilijua basi kwamba siku itapita salama, mradi tupate mtu wa katikati.

Hekalu lilikuwa ndani ya mji mkongwe, ule uliozungukwa na mfereji wa maji na mabaki ya ukuta wa matofali. Ngazi zake zina nyoka wawili wakubwa wa saruji na vioo, kila mmoja amelala upande wake na mwili wake ndio mhimili wa kushikilia. Mama, Mkristo wa siku zote asiyependa sanamu hata ya sungura, alimkumbatia yule nyoka na kupanda naye taratibu, akigusa kila kipandio kwa ncha ya kiatu kabla ya kukikanyaga. Nikasema moyoni, magoti hayo. Nikatembea nyuma yake kwa umbali wa heshima, mikono nimeifunga mgongoni kama chifu.

Tukavua viatu mlangoni, na ndani akakaa karibu na nguzo. Mbele kulikuwa na sanamu ya Buddha iliyofika karibu na dari, imepakwa dhahabu. Watu walipiga magoti, ubani ulikuwa unafuka. Mama akaielekea nguzo. "Ni kubwa?" akaiuliza.

"Ni kubwa," nikaijibu ile nguzo. Nilidhani ananipima kama nimeanza kuabudu.

Tulipotoka tukakuta viatu vya watu vimepangwa chini, na hapo ndipo aibu ilipotupata. Mama aliinama, akapapasa, akavaa, akaanza kuondoka. Hatujafika mbali, tukasikia mtu anatukimbilia. Alikuwa mwanamke wa makamo wa hapo hapo, peku, ameshika viatu vyeusi vya kufunga. Mama alikuwa amevaa vya kwake, vya kufunga vilevile lakini vya kahawia. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini yule mwanamke hakukasirika. Aliviweka viatu chini mbele ya mama, akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa. Mama akasogeza uso karibu, akamsikia anavyosema kwa upole, akamwiga, viganja kifuani, kichwa chini. Wakabaki hivyo kidogo, wanawake wawili, bila kugusana.

"Nguzo," mama alisema tulipokuwa tunaondoka, ingawa nguzo tulishaiacha ndani, "hawa watu wana adabu. Hawakumbatii mtu ovyo."

Nilicheka mpaka machozi. Nilifurahi kweli. Tangu tuhamie Marekani tulikuwa tunaeleza na kuomba radhi, tunakwepa mikono na mabega ya watu wema, na sasa tumefika mahali ambapo ulimwengu mzima unasalimiana kama mkwe na mama mkwe wake.

Sokoni karibu na mto, mama alifufuka. Sisi hatusafiri tukarudi mikono mitupu, hilo halina mjadala, na yeye alikuwa na akina mama wa maombi wa kuwapelekea zawadi, kuanzia Burnsville mpaka Woodbury, kwetu Minnesota. Alishika kila kitu. Vitambaa alivisugua kwa kidole gumba na cha shahada, akavinusa. Samaki wakavu aliwabonyeza. Vikapu alivigeuza chini juu akakagua mshono kwa kucha. Alikuwa anapatana bei kwa Kiswahili na muuzaji anajibu kwa Kithai, na mbele ya macho yangu wakaelewana, wakacheka, wakakasirika, wakaachana, wakaitana tena. Mimi nilibeba mifuko.

Kwa binti yake alichagua kitambaa kimoja kizito cha hariri. "Huyu anapenda buluu," akakiambia kiondo. Kitambaa kilikuwa cha kijani kibichi kama majani ya ndizi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mama mkwe habishiwi rangi. Nikajisemea labda kwao Kisii hiyo ndiyo buluu, na nikakitia kwenye mfuko.

Tulipotoka sokoni kulikuwa na barabara ya kuvuka. Pikipiki zilikuwa zinapita bila kukoma, nyingine zina watu watatu na mtungi wa gesi. Nilikuwa nimesimama kando yake, naangalia upande wa kulia, nikasikia kiatu chake kinashuka barabarani. Alikwenda tu, kichwa juu, kana kwamba barabara ni uga wa kanisa.

"Mama!"

Lile jina sikuwahi kumwita moja kwa moja tangu nimwoe binti yake. Mkono wangu ulitoka wenyewe, na hata katika hofu ile, adabu niliyofunzwa ikaupindisha pembeni: badala ya kumshika yeye, nilishika mkanda wa kiondo chake. Nikavuta. Pikipiki ikapita mahali alipokuwa, upepo wake ukamrusha pindo la gauni. Yeye alisimama wima, ameshikilia mkanda wake, nami nimeshikilia wangu, kiondo kikining'inia katikati yetu.

Nilingoja auachie. Hakuuachia. Basi tukavuka hivyo, na tulipofika ng'ambo tukaendelea hivyo hivyo. Watu walitupisha. Wengine walitabasamu, nadhani walituona kama watu wawili wanaosaidiana mzigo.

Kwenye kona kulikuwa na meza ya wadudu wa kukaangwa: panzi, mabuu ya mianzi, nyenje. Vijana wa Kizungu walikuwa wanapigana picha wakijifanya kutapika. Mama alinusa hewa, akasimama, uso ukamng'aa.

"Kiondo, hiyo si harufu ya kumbikumbi?"

"Mwambie mama ni binamu zao."

Tukanunua pakiti. Aliingiza mkono, akatafuna, akafumba macho. Nikageuka nikatafuna zangu nikiangalia ukuta. Nilikuwa utotoni Bungoma, mvua imekatika, taa imewashwa nje na sisi tumezunguka beseni. Wale vijana walitutazama mdomo wazi.

Njaa ya kweli ilipofika tukasimama kwenye kibanda cha tambi. Ni mkokoteni wenye kabati la kioo mbele, sufuria kubwa ya mchuzi wa nazi na manjano, na viti vidogo vya plastiki vimewekwa kando ya njia. Mwenye kibanda, mama mnene mwenye aproni, alituwekea viti viwili vinavyotazamana na meza ndogo katikati. Nikakigeuza changu. Alipoleta mabakuli akaona nimempa mama kisogo, akahuzunika, nadhani alifikiri tumegombana. Akakigeuza kiti changu, mimi nikiwa juu yake. Nikamshukuru, nikakigeuza tena. Akamwendea mama, akampapasa bega, akamwambia maneno marefu ya upatanisho. Mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni mkwe wake na hana neno naye. Mwishowe mama wa kibanda alinyoosha mikono juu akaturudia na chapati fulani ya bure, kututuliza.

Kiondo kilikuwa chini, kati yangu na yeye. Tambi zilikuwa tamu, laini ndani ya mchuzi na nyingine za kukaanga juu yake. Nilikuwa nakula kwa furaha. Halafu nikainua kichwa, na kwenye kile kioo cha kabati nikamwona mama nyuma yangu, uso mzima, kama kwenye picha.

Alikuwa amevua miwani kwa ajili ya mvuke. Mkono wake ulikuwa unatafuta kijiko. Kijiko kilikuwa hapo hapo kwenye meza ndogo, cheupe, kikubwa. Vidole vilipita kulia, vikapita kushoto, vikaligusa bakuli, vikafuata ukingo wake taratibu, vikashuka mezani, vikatembea kama vidole vya mtoto anayejifunza kutambaa. Vilipokipata alipumua. Kisha akageuza uso kuelekea mwanga, nami nikayaona macho yake kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Katikati, palipotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama maji ya kuoshea mchele.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na si wa juzi. Ni kitu ninachokitambua kutoka mlangoni. Nimewapeleka wazee wangapi kliniki kwa sababu hiyo! Na huyu alikuwa ananipikia uji na kuwashusha watoto wangu ngazi, akiishi ndani ya ukungu, nami nikimheshimu kwa kutomtazama.

Yote yakaja kwa mkupuo: sukari, nyoka, viatu, kitambaa cha kijani, "anafanana na nani." Na ile haraka. Alitaka kumwona mjukuu kabla mwanga haujaisha, na alikuwa amechelewa. Nikaweka bakuli chini. Nililia, sioni haya kusema, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na kisogo changu kwa mama mkwe.

Alisikia. Wasioona husikia.

"Kiondo," akasema polepole, "mwambie mkwe wangu asimwambie binti yangu."

Nikajipangusa.

"Kiondo, mwambie mama kuna upasuaji. Mdogo. Asubuhi anaingia, mchana yuko nyumbani. Nimewaona wengi, na wengi wanaona tena."

"Mwambie watajua. Na wakijua, watasema bibi huyu ataunguza watoto. Watanirudisha." Sauti ilimkatika. "Kule nyumbani nitakaa na nani? Kazi yangu ni hawa watoto. Nikiwekwa kando nitakuwa mtu wa kulishwa."

"Mwambie mama, ile nyumba ya chini ni yake. Ina mlango wake. Wazee walipitisha."

Mama wa kibanda alikuwa ameacha kukoroga, anatuangalia tunavyozungumza na kikapu.

"Na wakishindwa?" mama akauliza. "Wakipasua nisione?"

Kazini nina maneno mengi ya kuwafariji wagonjwa, nimefunzwa, nina hata vyeti. Hakuna hata moja lililofaa kwa mwanamke huyu. Nikasema lililokuja.

"Basi hakuna atakayelisogeza kopo la sukari."

Kisha nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani, na kikageuka kikawa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Kwenye kioo nilimwona akijifuta kwa kitambaa cha buluu ambacho hakikuwa cha buluu. Mama wa kibanda akaja mbio, akatuongezea mchuzi sote wawili bila kuuliza.

Njiani nilikiambia kiondo kwamba kitambaa si cha buluu. Tuliporudi, ni yeye aliyemwambia mke wangu. Alimkabidhi kitambaa akasema, "Nimeambiwa si cha buluu. Ni rangi gani?" Binti yake akamtazama, akamvua ile miwani nyeusi, akaelewa. Walikaa kitandani wameshikana kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda kwa shemeji kuangalia mtoto, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ya mkwe.

Walimpasua Minneapolis kabla ya kiangazi, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Daktari alituambia alichelewa lakini hakuchelewa mno. Siku bandeji ya pili ilipoondolewa, nilikuwa nimesimama sebuleni nikijifanya natafuta funguo. Nikamsikia jikoni.

"Mwambie baba yako nywele zake zimeanza kuwa nyeupe. Nimeona."

"Daddy, Nyanya says you're getting old."

"Mwambie nyanya amenitazama, ni makosa," nikajibu, na sote tukacheka kupitia ukutani.

Jioni hiyo shemeji alipiga simu ya video. Mama aliishika kwa mikono miwili, akamtazama yule mtoto bila kusema lolote, mpaka shemeji akafikiri mtandao umekatika. "Kumbe," akasema mwishowe, "anafanana na mimi."

Kopo la sukari liko pale pale. Siku hizi likihama anaamka tu analifuata, hasemi kitu, lakini sisi ndio tulioshindwa kulihamisha. Watoto wenyewe wakimkuta mgeni amelishika wanamwambia alirudishe.

Majira ya baridi yaliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa natoka kanisani nimebeba sufuria ya pilau iliyobaki, naharakisha kwenda kuwasha gari lipate joto. Maegesho yalionekana makavu. Nyuma yangu nikasikia sauti.

"Simama."

Hakukuwa na mtoto karibu. Hakukuwa na dereva wala nguzo. Aliniambia mimi. Nikasimama mguu ukiwa hewani, nikatazama chini, na kweli mbele yangu palikuwa na barafu nyembamba, ile ya rangi ya lami, ambayo imewavunja nyonga wazee wangu wengi.

Mama alinifikia. Hakuwa na miwani. Kiondo alikuwa amekitundika mkononi, akakishusha, akanyoosha mkanda mmoja kuelekea kwangu, uso ameugeuzia upande kama inavyotakiwa.

"Shika hapa, baba," akasema. "Usije ukaanguka."

Niliihamishia sufuria kwenye mkono wa pili, nikaushika. Mke wa mchungaji alikuwa mlangoni anatupungia, akisubiri pengine kuona kama leo tutakumbatiana. Mama akatangulia, anachagua pa kukanyaga, nami nikamfuata mpaka kwenye gari.